Maini ya kukaanga yaliyonimaliza Iringa

Jana usiku kijana mmoja wa Tunduma ameniandikia: "Kaka, nishike ufunguzi gani wa sataranji (hatua za mwanzo) ili nishinde mashindano?" Swali hilo limeninyima usingizi, maana mwaka jana niliuliza vilevile, nikajibiwa nikariri.

Nikakariri hatua kumi na mbili. Nikapanda basi Uyole alfajiri, baridi ya Julai ikiuma vidole, mpaka Iringa. Raundi mbili nikashinda. Ya tatu nikapangiwa binti wa kidato cha tatu, mimi nikiwa na kete nyeusi.

Akaanza na askari e4 (kila mraba wa ubao una jina, herufi ya safu na namba ya mstari), nikajibu askari e5. Farasi wake f3, wangu c6. Askofu wake c4, ule ufunguzi wa Kiitaliano. Nikatoa farasi wa pili f6, moyo umetulia. Hatua ya nne akarusha farasi g5, akabonyeza saa, akarudisha mikono ndani ya sweta. Kwenye daftari langu hatua hiyo haikuwepo.

Nikasogeza askari d5, akamla. Nami nikamla wake kwa farasi, harakaharaka. Farasi wake akatua f7, kawashika malkia na ngome kwa mpigo. Nikamla kwa mfalme. Malkia wake akaja f3: mfalme shahi, yaani anashambuliwa, farasi wangu wa d5 naye kalengwa. Ikabidi mfalme aende e6, katikati ya ubao, kumlinda farasi. Nilihisi macho ya ukumbi mzima mgongoni. Shambulio hilo Waitaliano wanaliita Fegatello, maini ya kukaanga. Lina takriban miaka 400.

Nilipofungwa, aliyenifundisha akasema mbele za watu, "Rudi Mbeya ukacheze drafti." Bado yananichoma.

Ndugu yangu, jua sababu ya kila hatua. Askofu wa c4 na farasi wa g5 wote wanaitazama f7, inayolindwa na mfalme peke yake. Ningelijua hilo, nisingemla askari wa d5; ningepeleka farasi a5 nimfukuze askofu, nipoteze askari mmoja lakini kete zangu zitoke upesi. Usikariri. Jiulize mwenzako anatazama wapi. Tunapenda njia za mkato, vijana wa Nyanda za Juu, halafu tunalalamika kwamba Dar wanatuzidi. Jua sababu!

Nitumie mchezo mmoja uliofungwa, hatua zote. Jumapili nitaupanga ubaoni.