Jibu: Kakamega simu inashika, picha na sauti hazifiki

Ndugu, umesema Kisumu na Nakuru wanaingia kwenye kikao cha video vizuri, ila Kakamega simu inashika kisha picha na sauti hazifiki. Usihangaike na kamera. Simu ikishika kwa H.323 (kanuni za kupiga simu za video mtandaoni), poti 1720 ya TCP, yaani mlango wa mtandao unaoanzisha simu, iko wazi. Picha na sauti hupita kwa UDP, njia nyingine ya kutuma data tofauti na TCP, kwenye poti zinazochaguliwa upya kila simu, na nashuku faiawali (kinga ya mtandao) ya Kakamega inazizuia. Katika mipangilio ya mtandao ya mtambo mkuu, weka poti ya kwanza na ya mwisho, kisha kwenye faiawali fungua zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ruta ikitumia NAT (kubadilisha anwani za ndani ziwe ya nje), jaza pia anwani ya IP ya nje. Mimi niliisahau hapa Kisumu, Jumamosi nzima ikapotea! Mkitumia getikipa (mtambo unaosajili na kuelekeza simu za H.323), ongeza UDP 1719.