Laptopu inastaki ukiinyanyua? Yangu niliibana kwa tyubu ya baiskeli

Mkuu, umesema laptopu yako ya zamani ikitulia mezani inapiga kazi, ila ukiinyanyua kwa pembe ya kushoto kioo kinajaa mistari na inastaki, na umeshapiga Windows upya bila mafanikio. Achana na Windows. Tatizo linalokuja kwa kuinyanyua ni kitu kimelegea ndani. Yangu ilikuwa na ugonjwa huohuo.

Anza na RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda, kwa sababu ni bure. Chomoa chaja, toa betri, zitoe RAM, sugua meno yake kwa raba ya penseli, puliza vumbi, zirudishe mpaka zikae sawasawa. Halafu iachie Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Ikionyesha makosa, umeponea hapo. Yangu ilipita safi, ndipo nikageukia chipu ya picha.

Chipu ile haina miguu. Inashikwa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, na vijipira vidogo vya lehemu vilivyo chini yake, mamia kwa mamia. Inapata moto, inapoa, inatanuka, inasinyaa, na ganda nalo linapinda kila ukilishika kwa pembe moja. Mwishowe vijipira vinapata nyufa. Umoja wa Ulaya ulipobana matumizi ya madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme mwaka 2006, viwanda vingi vilihamia lehemu isiyo na risasi, ambayo ni ngumu zaidi na haipendi kukunjwakunjwa.

Kipimo: ikiwa imewaka, bonyeza ganda la chini kwa dole gumba, polepole, mahali chipu ilipo. Mistari ikija na kuondoka kufuata kidole, umempata mchawi.

Nilifungua ganda la chini. Kwangu hitisinki, kile chuma cha kupoza chipu, imeibana chipu kwa upande wa kibodi, na nyuma ya madabodi kuna uwazi mdogo kabla ya kufikia plastiki. Uwazi huo ndio niliouziba. Kwanza nilibandika ile tepu ya mafundi simu ya rangi ya dhahabu, inayostahimili joto, maana mpira mweusi una kaboni na sikutaka uguse vikapasita vilivyo nyuma pale. Juu yake nikaweka vipande vya tyubu ya baiskeli, nimevikata mraba wa ukubwa wa chipu, kimoja juu ya kingine. Kaza skrubu kidogokidogo kwa kupokezana. Ganda likikataa kufunga, punguza kipande; usilazimishe, madabodi itapasuka. Ukiwa umeshafungua, safisha feni na ubadilishe pesti ya hitisinki, kwa sababu joto ndilo lililoanzisha yote haya.

Wapo watakaokwambia uitie madabodi kwenye oveni ili vijipira viyeyuke na kushika upya. Lehemu isiyo na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi hivi, ile ya zamani ya risasi na bati 183. Oveni ya nyumbani haina kipimo cha kuaminika, soketi za plastiki zinalegea, kapasita zinavimba, na sijui mkeo atakubali vipi kuokea keki humo tena.

Yangu sasa inaandika, inafungua brauza, inacheza filamu. Gemu nzito siipi, na nainyanyua kwa mikono miwili. Hii ni kubana tu, nyufa bado zipo, kwa hiyo nakili mafaili yako kwenye diski ya nje leo, kabla hujashika bisibisi. Ukifungua, tupia picha ya upande wa nyuma wa madabodi tuone uwazi wako ukoje.