Pipa la Mbege na Mpishi wa Mguu Mmoja

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji ni kitabu gani kilichotusukuma tuanze kutunga hadithi zetu wenyewe. Changu ni Kisiwa Chenye Hazina, tafsiri ya Kiswahili ya Treasure Island ya Robert Louis Stevenson. Nilikikuta Kibosho kwa babu, ndani ya sanduku la bati, jalada limeshang'oka na karatasi zinanuka moshi wa jikoni. Nilikuwa darasa la tano. Bahari sikuwa nimeiona. Maji niliyoyajua ni ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, uliopita nyuma ya kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, ambao mtu mzima anauruka bila kukunja suruali.

Nilikisoma chini ya migomba mpaka bibi akaja kuniuliza kama naumwa. Iliyonishika hasa ni sura ya pipa. Usiku, melini, kijana Jim Hawkins anaingia ndani ya pipa kutafuta tufaha, giza na mawimbi yanakaribia kumlaza. Mara mtu mzito anaketi na kuliegemea. Ni Silver, mpishi wa mguu mmoja, anapanga na wenzake kuiteka meli na kuua. Jim hawezi kutoka wala kukohoa. Na Silver huyo ndiye aliyekuwa akimkaribisha jikoni kwa upendo, akimsimulia habari za kasuku wake! Nilifunga kitabu nikalia. Sikuwa nikiogopa kisu. Niliumia kwamba mtu mwema kwako anaweza kuwa ndiye huyo huyo anayepanga kuua.

Leo mimi ni fundi cherehani, nina baraza langu hapa Moshi mjini, na jioni wateja wakipungua naandika kwenye kaunta buku. Hadithi yangu ya kwanza niliipeleka baharini, majahazi na maharamia, ikakwama ukurasa wa kumi na mbili. Sikujua tanga linashushwaje, wala kaskazi ikivuma nahodha anafanya nini, na kila sentensi ilionyesha hivyo.

Kilichonifungulia njia ni kujua Stevenson mwenyewe alianzaje. Mwaka 1881 alikuwa Braemar, Scotland, mvua imewafungia ndani. Akiwa na mtoto wake wa kambo, Lloyd, akachora ramani ya kisiwa na kuipaka rangi. Alivyozidi kuitazama, watu wakaanza kumtokea katikati ya miti aliyoichora. Akawa anaandika na kuisomea familia, na baba yake, mhandisi wa minara ya taa, akavutiwa hata akamwandikia orodha ya vitu vilivyomo ndani ya sanduku la yule baharia mzee, Billy Bones. Hadithi ilianza kuchapishwa kwenye gazeti la vijana mwaka huo huo, kwa jina la kubuni la Captain George North, na ikawa kitabu mwaka 1883. Ramani ile ya kwanza ilipotea ilipotumwa kwa wachapishaji. Ikambidi akae na kitabu chake, apekue kila mahali alipotaja ghuba au kilima, achore nyingine inayolingana na maneno. Nikifikiria kazi hiyo, mtu kupima upya nchi aliyoitunga mwenyewe, namheshimu kuliko ninavyoweza kueleza.

Basi nikatandika mezani karatasi la kaki, lile ninalokatia mitindo, nikashika chaki ya fundi nikachora Rombo. Mlima Kilimanjaro upande wa magharibi, mpaka wa Kenya mashariki, makorongo yakishuka katikati, mifongo, kilabu cha mbege (pombe yetu ya ndizi na ulezi), njia ya punda. Hadithi ikaja yenyewe. Ni mwaka 1977, mpaka umefungwa (haukufunguliwa hadi 1983), na usiku kahawa inavushwa kwa magendo. Maharamia wangu hawana meli. Wana punda waliofungwa magunia kwenye kwato ili wasisikike.

Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Haggard, ya mwaka 1885, nayo niliisoma. Inakimbia vizuri, na mwendo ule nimejifunza. Lakini Waafrika wa mle wanatazamwa kwa macho ya mwindaji mgeni, na macho hayo sikuyataka. Watu wangu wanajuana kwa ukoo, na anayemsaliti mwenzake atakutana naye Jumapili kanisani.

Silver wangu ni mjomba mtengeneza mbege. Ndiye aliyembeba msichana wa hadithi yangu mgongoni mpaka zahanati usiku ule wa homa, ndiye anayemwachia ndizi iliyoiva kuliko zote. Nilihakikisha msomaji anampenda kabla sijamfikisha pale penye pipa. Msichana anajificha ndani ya pipa tupu la mti, harufu ya ulezi uliochacha inamwasha puani, anabana pua kwa vidole viwili. Mjomba anakuja, analiegemea, mbao zinalia. Anamwambia mwenzake kwamba kuna mtoto pale nyumbani anayeona mengi.

Sura hiyo nimeiandika mara tatu, na wiki hii bado niko hapo. Karatasi la kaki nimelibandika ukutani juu ya cherehani, na mahali pipa lilipo nimeweka alama ya chaki nyekundu.