Jumamosi ya pepa, madaftari ya kusahihisha yaache ofisini

Kwa miaka mingi nilikuwa naingia kusimamia mtihani wa majaribio wa Jumamosi na rundo la madaftari kwapani. Nagawa karatasi, naandika ubaoni muda wa kuanza na wa kumaliza, nakaa mbele, nasahihisha. Nikiinua kichwa ni kutazama nani anapiga chabo. Saa tano nakusanya, naondoka. Nikikumbuka zile Jumamosi inaniuma.

Aliyenifumbua macho ni binti mmoja wa kidato cha nne. Darasani anaelewa, anajibu, anawaelekeza wenzake. Ikija pepa ya Hisabati, anapata 24, 27, F kila mara. Jumamosi hiyo sikuwa na cha kusahihisha, nikawa napita taratibu kati ya madawati. Saa mbili na nusu nilimkuta swali la tatu, la logi. Saa tatu na robo, bado yuko hapohapo. Ameandika, amekata, ameandika tena, amekata. Kidole cha shahada kimeganda kwenye kitabu cha majedwali, mstari uleule. Dakika 45 kwa alama 6! Na ukurasa wa nyuma, ambao hata hakuufunua, kulikuwa na takwimu na matriksi, vitu anavyovijua kama jina lake.

Mwalimu mwenzangu, karatasi yake ya majibu isingekuambia hayo. Ingekuonyesha maswali matupu tu, nawe ungeandika "hakujisomea".

Tangu hapo naingia na karatasi moja tu, nimechora madawati yalivyopangwa. Kila nusu saa napita, najaza kila mmoja yuko swali la ngapi. Sisemi neno, sioneshi swali kwa kidole, wala sisimami nyuma ya mtoto, maana ukisimama hapo mkono wake unaanza kutetemeka. Simu naiacha ofisini pamoja na madaftari.

Jumatatu, kabla ya kurudisha alama, nakaa na kila mmoja na ile ramani yake. Tunapiga hesabu pamoja: alama 100, dakika 180, kwa hiyo swali la alama 6 lina kama dakika 11, la alama 10 lina 18. Wengi hawajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Uji nao usiusahau. Wanafunzi wa kutwa Jumamosi wengi hutoka nyumbani bila kutia kitu tumboni, na kufikia saa nne unaona vichwa vimelala juu ya meza. Sisi walimu tulichanga sukari na unga, mpishi akakubali kuja.

Halafu kuna lile ombi, "Mwalimu, tuongezee dakika tano." Moyo unauma, lakini usiongeze. Novemba, kwenye mtihani wa taifa wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), hakuna atakayewaongezea.

Yule binti Jumamosi iliyofuata alifika swali lililomkwamisha, akalitazama, akaweka alama ya nukta pembeni kwa penseli, akaruka. Saa nne kasoro nilipopita alikuwa anachora jedwali la takwimu, mgongo umenyooka. Alipata 43. Lile swali la nukta alilirudia dakika za mwisho, na kwa hatua mbili alizoandika nikampa alama 2.