Aliyetega arudi ategue

Mwezi uliopita niligusia mitego ya waya, mistari miwili tu, nikasema mimi siipendi. Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Wengine wamenipongeza, wengine wameniuliza kama ninalima au ninakula maneno. Nawajibu nikiwa mtu aliyekaa pande zote mbili za waya: utotoni nilikuwa mtegaji kule Newala, na ukubwani nimefanya kazi ya wanyamapori Nachingwea mpaka nikastaafu. Nimechagua maswali saba.

Shikamoo mzee. Nguruwe pori wamemaliza mihogo yangu, ekari mbili. Nikizungusha nyaya shambani kuna ubaya gani? Nguruwe si tembo, hakuna mtalii anayekuja kumpiga picha. (Mkulima, Liwale)

Marahaba, na pole sana. Nguruwe pori anaudhi kuliko tembo kwa jambo moja: anachimbua shina zima, anatafuna kidogo, anahamia la pili.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haitaki mitego ya waya, marima wala sumu, na shamba kuwa lako hakukupi ruhusa. Lakini hata sheria ingenyamaza, mimi nisingenyamaza. Waya hauna macho. Umeutegea nguruwe, anaingia funo, anaingia mbwa wa jirani, anaingia mbwa mwitu, ambaye ukanda wetu huu wa Selous ni miongoni mwa maeneo machache Afrika alikobaki kwa wingi. Wazee waliposema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, walikuwa hawajaona waya wa breki ya baiskeli. Mnyama mwenye nguvu anaukata na kuondoka nao. Kila akitembea unazama zaidi shingoni au mguuni. Niliwahi kumfuatilia fisi wa namna hiyo siku tatu. Harufu ya kidonda ndiyo iliyotuonyesha njia.

Sasa nikwambie jambo la hapahapa kwetu. Watafiti walihesabu mashambulizi ya simba kwa binadamu Tanzania, kuanzia Januari 1990 hadi Septemba 2004, wakachapisha mwaka 2005: watu wasiopungua 563 waliuawa, na zaidi ya 300 walijeruhiwa. Sehemu kubwa ni huku kusini mashariki. Walipotafuta sababu, wakamkuta nguruwe wako. Kule ambako wanyama wengine wanaoliwa na simba wamepungua, anayebaki ni nguruwe pori. Nguruwe anafuata mihogo, simba anamfuata nguruwe, na kati yao yuko mkulima amelala kwenye kibanda cha makuti akilinda. Nyaya zinazomaliza wanyama kule porini ndizo zinazomwacha simba na vyakula viwili, nguruwe na wewe.

Kwa hiyo nguruwe aondoke, hapo tuko pamoja. Fyekeni vichaka vya pembeni, maana mchana hulala humo. Limeni mashamba yaliyopakana ili mlinde kwa zamu. Shamba la peke yake katikati ya pori ni karamu. Dungu liwe la juu, lenye kuta na mlango. Uzio wa magogo au mtaro ni kazi ngumu, najua, lakini unaichimba mara moja. Na wakizidi, ofisa wanyamapori wa wilaya aitwe na bunduki yake, kwa sababu mwenye bunduki anakiona anachokipiga. Kwa tembo na wenzake kuna kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011: mwite mtendaji aone uharibifu kabla hujasafisha shamba. Mara nyingi kifuta jasho hufika jasho likiwa limeshakauka, ila usipoandikisha hakifiki kabisa.

Je, kutega panya wa shambani nako ni ujangili? (Masasi)

Ingia Masasi umwambie mtu kwamba kutega panya ni ujangili, uone kama utapewa hata maji ya kunywa. Tega, kula. Nina masharti mawili tu. Usichome pori ili kuwatoa, maana moto haujui mpaka wa mikorosho ya mwenzako. La pili nililipata kwa babu yangu. Alikuwa na kamba kiunoni. Kila mtego alioutega, fundo moja. Alfajiri tunapita, tukiufikia mtego anafungua fundo. Siku moja tulirudi nyumbani kamba ina fundo moja, na mvua inanyesha. Nilirudishwa porini peke yangu mpaka nikauona ule mtego. Haukuwa na kitu. Nilichapwa vilevile.

Mimi ni mwanafunzi Mtwara. Binamu yangu yuko Kanada, anasema huko watu wana leseni kabisa ya kutega wanyama kwa ajili ya manyoya. Mbona sisi tunafungwa? (Msomaji wa Shangani)

Binamu yako hajakudanganya. Kanada ya leo kwa sehemu ilijengwa juu ya ngozi. Kampuni ya Hudson's Bay ilianzishwa mwaka 1670 kwa biashara hiyo, na mnyama mkuu alikuwa biva, anayejenga mabwawa kwa miti. Manyoya yake yalitengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya.

Usidhani hata hivyo kwamba huko wamekubaliana. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mtego wa chuma wenye taya, unaobana mguu na kumshikilia mnyama akiwa hai mpaka mtegaji atakapofika. Uingereza iliupiga marufuku mwaka 1958. Umoja wa Ulaya ukaukataa kwa kanuni ya mwaka 1991, ukatishia pia kutonunua manyoya kutoka nchi zinazoutumia. Hapo Kanada na Urusi zikaja mezani, na mwaka 1997 na 1998 yakasainiwa makubaliano ya viwango vya mitego. Kwa wanyama wengi, mtego wa kuua unakubalika ikiwa mnyama atapoteza fahamu ndani ya sekunde 300. Watu waliita hiyo huruma. Shika saa uhesabu dakika tano hizo, halafu uniambie.

Wapo watega waliosumbuliwa na jambo hili kabla ya wanasiasa. Frank Conibear, mtegaji wa kaskazini mwa Kanada, alichoshwa na alichokuwa akikiona kwenye mitego yake mwenyewe, akabuni mtego wa kuua haraka uliosambaa kuanzia miaka ya 1950. Na wapo wenyeji wa kule, Wakri na Wainuiti, wenye hoja nisiyoweza kuipuuza: nyie mnakula nyama ya machinjioni msiyoiona ikichinjwa, sisi mnatuita wakatili kwa sababu tunachinja wenyewe. Upande wa pili, California ilipiga marufuku utegaji wa manyoya mwaka 2019.

Tofauti yao na yetu haiko kwenye utu. Mwenye leseni anajulikana jina, eneo na msimu, na baadhi ya majimbo ya Marekani yanamtaka akague mitego yake kila saa 24. Waya uliofungwa kwenye mti huku Liwale hauna jina la mtu. Aliyeutega akihama, akiugua, akikamatwa, wenyewe unaendelea na kazi.

Halafu binamu asikusahaulishe kwamba chui wetu nao wameshalipia mitindo ya watu. Mwaka 1962 Jackie Kennedy, mke wa rais wa Marekani, alionekana na koti la chui, na wenye fedha wakalitaka. Biashara ya ngozi hizo ilikuja kubanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kufanya kazi mwaka 1975.

Assalaam alaykum. Mnyama aliyekutwa amekufa kwenye kitanzi, analiwa? (Kilwa Kivinje)

Waalaykumu ssalaam. Mimi si shehe, kaulize msikitini, lakini hili halina maficho. Sura ya Al-Maida, aya ya tatu, inapotaja vilivyoharamishwa inamtaja aliyekufa kwa kukabwa koo, ikamtoa yule mliyemuwahi mkamchinja. Kitanzi kazi yake ndiyo hiyo ya kukaba. Ukichelewa, umetegea mzoga. Ukimuwahi ukamchinja, kwa dini umepata kitoweo na kwa serikali bado ni jangili, kwa hiyo usinitaje mahakamani. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori. Mwenye hamu akanunue yenye kibali.

Ila mimi huwa nasimama zaidi kwenye ile hadithi ya mwanamke na paka, iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Aliingia motoni kwa sababu ya paka. Hakumpiga wala hakumchoma. Alimfunga, hakumlisha, hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa lake lilikuwa kufunga na kuondoka. Nilikuwa naisimulia hadithi hiyo kwa vijana tuliowakamata na nyaya. Wengi walicheka. Mmoja hakucheka, na baadaye akawa askari wa wanyamapori wa kijiji chake.

Mbwa wangu walinguruma usiku, asubuhi nikamkuta bweha hai amenasa kwenye waya wa mtu. Nilitaka kumfungua, jirani akanizuia. Nani alikuwa sahihi? (Ruangwa)

Jirani yako. Mpelekee kuku.

Huruma yako haina kasoro, ila bweha wa Lindi na Mtwara si wa kushikwa. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa katika mikoa yetu hii miwili kati ya 2011 na 2019 walikuta kwamba takriban wanne katika kila wanyama kumi waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo walikuwa wa porini, na wengi wao bweha. Kwingine nchini ni habari ya mbwa. Huku kwetu bweha anashindana naye. Bweha mwenye kichaa hupoteza woga, husogelea nyumba, na akinasa anaonekana kama ametulia.

Ikiwa alikugusa kwa meno au mate yalifika kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali leo kwa ajili ya chanjo. Usingoje kuona kama utaumwa, maana dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mbwa nao walionguruma wapeleke wakachanjwe, na bweha mwachie ofisa.

Babu ametuachia ngozi ya chui iliyokuwa ikitumika kwenye ngoma. Tunaweza kuiuza? (Tandahimba)

Hapana, na nakusihi usiipige picha ukamtumia mtu. Ngozi ya chui ni nyara ya serikali, iwe ya jana au ya babu. Kuwa nayo bila hati ni kesi inayoendeshwa kama uhujumu uchumi, na dhamana yake haipatikani kesho asubuhi. Nendeni ofisi ya wanyamapori ya wilaya nyie wenyewe, mkiwa na mzee wa ukoo, mkaeleze kabla hamjafuatwa. Hata ngozi ya kanu au fungo iliyoning'inia kwa mganga ina maswali yaleyale.

Nikiokota kuni nimekuta nyaya kumi na moja zimetegwa kwenye njia ya kwenda mtoni. Niziondoe? (Mama wa watoto wanne, Nachingwea)

Usiziondoe ukiwa peke yako, mama. Mwenyewe anaweza kuwa hatua hamsini kutoka hapo, na anakuja na panga. Rudi kijijini bila haraka, mwambie mtendaji au askari wa wanyamapori wa kijiji, kisha mwende kundi na koleo la kukatia. Kitanzi msikikaze tu na kukiacha, mtu atakifungua jioni. Kateni waya mtini, mkunje, muondoke nao wote uwe ushahidi. Penye mnyama hai simameni mbali.

Na mkague hatua kadhaa kila upande wa ile njia. Nyaya hutegwa kwa mstari kufuata mapito ya kwenda majini, na watega wetu wa siku hizi hawana kamba ya mafundo. Mkizipata kumi na moja, tafuteni ya kumi na mbili.