Kompyuta Yakataa Tovuti Kila Umeme Ukirudi

SWALI: Mhariri, nina duka la steshenari hapa Moshi. Kila umeme ukikatika na kurudi, kompyuta yangu ya mezani hukataa tovuti karibu zote ikidai muunganisho si wa faragha, ilhali simu yangu huzifungua kwa intaneti ileile. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kuwa simu inazifungua, tovuti hazina kosa. Tazama saa na tarehe kwenye kona ya skrini. Kila cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha kidijitali cha tovuti, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) hukipima kwa saa ya kompyuta yenyewe, hivyo mashine inayodhani tuko mwaka 2015 hukiona cheti cha leo kuwa bado hakijaanza kutumika. Ninashuku betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, inayotunza saa umeme usipokuwapo. Nyingi huandikwa CR2032 nazo ni za volti 3. Rekebisha tarehe upate kuendelea na kazi, kisha mwombe fundi abadilishe betri hiyo, la sivyo tatizo litarudi umeme ukikatika tena.

Ikiwa saa ni sahihi na tovuti moja tu ndiyo inayokataa, huenda cheti chake kimeisha muda, na kukihuisha ni kazi ya mwenye tovuti. Nakusihi sana usilipuuze onyo hilo ukaingiza nywila au namba ya kadi ya benki, hasa ukiwa kwenye waifai ya hotelini au mgahawani.