Jeshi la maji la nchi isiyo na bahari

Mkuu, umeuliza Malawi isiyo na bahari inataka jeshi la maji la nini. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita kama 580, na humo wanapakana na sisi Watanzania na Msumbiji. Kambi yao iko Monkey Bay, upande wa kusini. Kazi kubwa si vita, ni doria, kuzuia magendo na uvuvi haramu, na kuokoa watu, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, kusi likivuma na mawimbi kupindua mitumbwi.

Kinachowabana ni mafuta. Yanashushwa kwenye bandari za wenzao: hapa kwetu Dar, Beira au Nacala. Malori yakikwama mpakani Kasumulu, au dola zikiadimika Lilongwe, boti nazo zinasubiri.

Hapo kwenye dola ndipo ulinzi wa amani unapoingia. Umoja wa Mataifa unalipa zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari, na hela hiyo inapitia serikalini kwanza. Vifaa vinalipiwa kando, ila gari la deraya likikaguliwa likakutwa bovu, malipo yake yanakatwa. Mwaka 2013 Wamalawi walikuwa Kongo na jeshi letu, JWTZ, na Afrika Kusini, brigedi moja.

Angani ndiko uwezo wao ulipo mwembamba zaidi. Ile ndege, Dornier 228, iliyoanguka msitu wa Chikangawa tarehe 10 Juni 2024, akafariki Makamu wa Rais Chilima, ilikuwa ya jeshi. Ilishindwa kutua Mzuzu kwa hali mbaya ya hewa, ikaambiwa irudi.